Kipimo cha Mkono wa Mzee

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwangusha?"

"Sijasema umemwangusha. Nimesema amekukimbia. Au masikio yameingia saruji?"

Veneranda aliiweka nyundo juu ya meza ya chakula. Aliiweka taratibu, maana angefuata hasira zake kioo cha meza kingekwenda vipande viwili, na kosa moja lilitosha kwa siku. Mbele yake alisimama Shangazi Subilaga, dada wa mzee mwenye nyumba, sweta juu ya sweta, mkoba bado begani. Alishuka kwenye basi la Tukuyu saa tisa mchana, akaingia hapa mtaani Soweto bila kuketi, bila kuonja hata chai. Alikuja kugomba, na alikuwa anagomba.

"Shangazi, nilibisha hodi kama ninavyobisha kila siku. Miezi miwili nabisha mlango ule ule."

"Miezi miwili ulikuwa fundi. Tangu Jumamosi wewe ni mkamwana. Fundi akibisha hodi, mzee anajibu karibu. Mkamwana akibisha hodi, baba mkwe anatafuta pa kupita. Hukuambiwa?"

"Mimi Mhehe, shangazi. Mambo yenu Wanyakyusa nitayajulia wapi?"

"Kwa huyo!" Kidole cha shangazi kilimwendea Aroni, aliyeegemea mlango wa jikoni, mikono mfukoni. "Huyo ndiye alipaswa kukuambia. Lakini yeye anajua miche ya parachichi tu. Muulize mbolea, atakujibu. Muulize heshima ya baba yake, anaangalia dari."

Aroni kweli alikuwa anaangalia dari.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee Sedekia Mwakalobo, mwaka wa themanini na moja, mjane, mguu wa kulia umelegea tangu alipopata kiharusi, anaishi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma alipokuwa kijana. Mchana yuko peke yake, maana Aroni yuko kitaluni kwake Uyole. Mwezi Machi familia ilimleta fundi akafunga vyuma vya kushikilia bafuni kwa plagi za plastiki. Tofali za ukuta ule zimeunganishwa kwa udongo, si saruji, hazishiki plagi; zinataka bolti ipenye hadi upande wa pili. Siku ya nne chuma kilibaki mkononi mwa Mzee, na Mzee akabaki sakafuni. Ndipo akatafutwa Veneranda kutoka Iringa, mwenye stashahada ya ujenzi, ambaye kazi yake sasa ni hiyo moja: kuzirekebisha nyumba za wazee ili wasihamishwe.

Alikuja kufunga vyuma. Akakuta na mambo mengine. Akakuta Aroni.

Jumamosi barua ya posa ilifika kwa mama yake, Tosamaganga, na ikapokelewa. Leo Jumatatu asubuhi alibisha hodi, akaingia na ndoo yake ya vifaa, akiimba kidogo kwa furaha. Mzee alikuwa sebuleni anakunywa uji. Alisikia ile sauti, akasimama bila gongo, akashika njia ya jikoni, akatokea mlango wa nyuma. Pale nyuma ngazi ilikuwa imebomolewa ili upigwe mteremko wa zege. Akaenda chini. Nyuzi tatu juu ya jicho, na kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba. Daktari alisema nyonga imepona kwa bahati.

Veneranda alikuwa ameegemeza ubao kwenye ule mlango Ijumaa jioni ili mtu asipite. Aliuegemeza tu. Hakuupigilia msumari. Hilo hakuna aliyemlaumu nalo, na ndilo lililokuwa linamla.

"Sasa nisikilize, binti." Shangazi alipunguza sauti, na ilipopungua ikawa mbaya zaidi. "Kaka yangu si mtu wa kuigiza. Wengine hapa mjini wameacha, wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Yeye hajaacha. Mkamwana hamtazami usoni. Mkamwana hapiti mlango anaopita yeye. Mkamwana hamgusi. Na jina lake mkamwana halitaji, mpaka anaingia kaburini."

"Na bafu?"

"Bafu atalimaliza mwingine."

"Mwingine yupi? Yule wa Machi?"

"Basi atakwenda Dar es Salaam kwa Amos. Gari limeshatoka, limepita Mikumi. Kesho alfajiri anaondoka nalo. Nguo zake nimeshaanza kukunja."

Aroni aliacha dari. "Shangazi, kaka Amos hakusema hivyo. Kasema tumtumie picha. Akiona vyuma vimefungwa, na akamwona baba amevishika, amesimama mwenyewe, gari linarudi tupu. Asipoona leo, ndipo anamchukua."

"Leo ni saa tisa na nusu, Aroni. Nani anavifunga? Wewe?"

Nje, upepo wa Juni ulipiga turubai la ujenzi, pa, pa, pa.

Veneranda alichukua nyundo yake akaenda bafuni.

*

Aroni alimfuata. Veneranda alijua angemfuata, na alikuwa amejiandaa asigeuke. Aligeuka.

Bafu lilikuwa limekamilika karibu lote. Marumaru zisizoteleza zimelazwa, kizingiti kimeondolewa, choo cha kukaa kimeinuliwa, na kwenye ukuta wa chumba cha Mzee kumekatwa mlango mpana, ili usiku asizunguke koridoni. Mlango wenyewe ulikuwa bado kwa seremala. Palining'inia pazia la khanga kuukuu. Kwenye kona vyuma vitatu vya kushikilia viliegemea ukuta, vinang'aa, havina pa kukaa.

"Uliniambia Desemba," Veneranda alisema.

"Najua."

"Kazi iishe, Mzee azoee, ndipo barua iende. Nilikuambia ndiyo ya Desemba, Aroni. Sikukuambia ndiyo ya Juni."

"Baba mdogo Saulo alikuwa anakwenda Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Iringa anapita. Nikaona..."

"Ukaona posa yangu isafiri na lori la vitunguu."

"Vene."

"Usiniite Vene. Mama yangu ananiita Vene."

Aroni alikuwa mwanamume mrefu asiyejua akae wapi ndani ya bafu dogo, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mweusi wa kitaluni usiotoka hata akiupiga brashi. Veneranda aliutazama ule udongo. Siku ya kwanza alipokuja kupima, Aroni alimshikia ncha ya futi, ule utepe wa kupimia. Kipimo kikaisha. Veneranda akavuta, ncha haikuja. Akageuka kusema achia, akamkuta mtu amesahau kuwa ameshika futi, anamwangalia yeye. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mjane, ana binti kidato cha tatu, ana vumbi la saruji kwenye nyusi, akaona haya kama msichana wa kipaimara.

"Niliogopa," Aroni alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kazi inaisha wiki hii. Ungefunga hivi vyuma, ungebeba ndoo yako, ungerudi Iringa. Ungepata nyumba nyingine ya mzee mwingine. Nilitaka kuwe na kitu cha kukurudisha hapa."

"Mimi mwenyewe nisingejirudisha?"

Swali lile hakulitegemea. Aroni alianza kukwangua udongo wa kucha.

"Na hukuniambia kwamba baba yako bado anashika hayo mambo."

"Nilidhani ameacha! Ni mzee wa kanisa, anasoma magazeti, ana simu ya kugusa. Tangu mama afariki sijamsikia akiyataja. Nilidhani atacheka, atasema siku hizi hakuna hayo."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Mtu ana mguu mmoja mzima, unampa kitu cha kumfanya akimbie, na humuulizi."

Aliona neno lilivyomwingia. Hakulirudisha. Alikuwa mtu wa kusema kitu mara moja, kikakaa pale kiliposemwa.

"Nitatafuta fundi mwingine," Aroni alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Mwanjelwa hakosekani. Wewe simama nje, mwelekeze kupitia dirishani."

"Nimwelekeze nini? Urefu gani?"

"Ule unaowekwa siku zote."

"Hakuna wa siku zote!" Alikipiga kiganja chake ukutani. "Kitabu kinasema sentimita themanini na tano kutoka sakafuni. Baba yako bega la kulia limeshuka, akisimama anaanza kuegemea kushoto halafu ndipo anajivuta. Hupimi ukuta, Aroni, unampima mtu. Anakaa, anasimama, mkono wake unakwenda wenyewe mahali unapotaka kwenda, pale ndipo unachora. Ukikosea vidole vinne tu, mkono unatafuta chuma haukioni, na mtu keshaanza kuinuka. Ndiyo maana nimeacha vyuma mwisho. Nilikuwa nimpime leo asubuhi. Leo, baada ya uji."

Walisimama karibu, karibu kuliko walivyokusudia. Veneranda alisikia harufu ya sabuni ya hospitalini kwenye mikono ya Aroni, aliyekuwa amemshikilia baba yake wakati anashonwa. Angeinua mkono tu angemgusa. Hakuinua. Na Aroni hakuinua.

"Tunafanya nini?" Aroni aliuliza.

"Sijui. Toka kidogo. Niache nifikiri."

*

Aroni alipotoka aliingia Silvester, mwashi wa Veneranda, Mhehe mwenzake wa Kalenga, mtu mzima wa miaka hamsini na sita ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu yeyote. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupangusa drili.

"Nimemwona shangazi mtu," alisema. "Kama angekuwa mkandarasi, barabara hii ingekuwa na lami."

"Silvester, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nasema."

Kutoka nyuma ya pazia la khanga kitanda kililia. Kisha sauti, nzito, ya polepole, iliyozoea kusoma risala kanisani.

"Silvester."

"Naam, Mzee."

"Huyo uliye naye hapo, mwambie sikumkimbia kwa chuki."

Silvester alimtazama Veneranda. Veneranda alikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwenye pazia. Alisikia kila kitu, na Mzee alijua anasikia.

"Anasema hakukukimbia kwa chuki," Silvester alisema.

"Mwambie nimesikia. Mwambie ubao wa mlango wa nyuma sikuupigilia. Namwomba radhi."

"Mzee, anasema ubao..."

"Nimesikia. Mwambie ubao niliuondoa mwenyewe. Hata angeupigilia ningeung'oa, nilikuwa na haraka." Akakohoa. "Mwambie vilevile kwamba mke wangu, mama yake Aroni, alikaa miaka kumi na saba hajasimama mbele ya baba yangu. Mvua ya Tukuyu inanyesha, baba yuko barazani, yeye amesimama migombani na mtoto mgongoni mpaka baba aingie ndani. Ninyi mnaona ujinga."

"Sijasema ujinga," Veneranda alisema, akasahau kupitia kwa Silvester.

Kisha kitanda kikalia tena, kwa nguvu, kama mtu anayegeukia ukuta.

"Silvester," Mzee akasema, "mwambie ajibu kwa mdomo wako."

"Anasema sijasema ujinga," Silvester alisema haraka. "Yeye. Yeye hajasema."

"Baba yangu alimheshimu yule mwanamke kuliko alivyoniheshimu mimi. Kila alipokuwa anatoka ndani alipiga kikohozi kwanza ili ampe nafasi. Hata alipozeeka akawa haoni, bado alikohoa. Sasa mimi nimepata mkamwana mmoja tu hapa karibu, yule wa Amos anafanya kazi ng'ambo. Huyu ninampenda. Nimpe kidogo kuliko baba alivyompa mke wangu? Kwa sababu ya mguu?"

Silvester aliinamisha kichwa. Hili hakulirudia.

Veneranda alikuwa ameshika kifuniko cha choo, kigumu, cha baridi. Yeye baba yake mwenyewe alikufa Tosamaganga baada ya kulala miaka miwili, na hakuwa amelala kwa ugonjwa wa kulaza mtu. Kulikuwa na ngazi moja ya kwenda chooni. Alianguka mara mbili, mara ya tatu akasema basi, nileteeni beseni. Kutoka siku ile hakutoka tena, akaisha kidogo kidogo pale kitandani, huku watoto wanasema mzee anapumzika. Ngazi moja. Baada ya mazishi Veneranda aliibomoa kwa mikono yake.

"Silvester, muulize," alisema. "Anataka kwenda Dar es Salaam?"

Jibu lilikuja kama linasemwa ukutani.

"Mwambie, kule kwa Amos ni ghorofa ya tatu. Nitakaa kwenye kiti natazama maghorofa ya wengine. Mwambie mimi nilitaka kufia hapa. Lakini nyumba ikiwa na mimi, na yeye, na mimi kila siku nakimbia..." Akaliacha hilo. "Shangazi yao amekunja makoti yangu yote. Dar kuna joto. Makoti ya nini?"

Veneranda aliinuka.

*

Aliwakuta wote wawili sebuleni. Shangazi alikuwa anafunga zipu ya begi. Aroni alikuwa anasogeza simu sikioni, anatafuta fundi Mwanjelwa asiye na picha kichwani hata moja ya mkono wa baba yake.

"Kata hiyo simu," Veneranda alisema.

Akatoa ya kwake, akapiga, akaweka sauti ya wazi, akailaza mezani karibu na begi.

"Vene! Kamwene, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yake, Tekla, na nyuma yake kuku wa Tosamaganga.

"Kamwene, mama. Barua yao iko wapi?"

"Iko kwenye kitabu cha sala, ingekaa wapi kwingine? Kuna nini?"

"Baba yao mdogo Saulo anarudi leo na vitunguu. Anapita Iringa jioni. Mpigie, mkutane barabara kubwa. Mrudishie."

Kuku walisikika vizuri sana.

"Rudia," Tekla alisema.

"Mrudishie barua, mama. Jibu langu ni hapana."

"Veneranda!" Aroni alisukuma kiti.

"Una miaka thelathini na tisa," Tekla alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Gloria yuko kidato cha tatu, keshokutwa naye anaondoka. Jana baada ya misa nimewaambia wanajumuiya wote. Wamenipigia vigelegele, mama Faustina amenikumbatia, mwanamke asiyenisalimia tangu mwaka juzi! Huyo mwanamume kakufanya nini? Amekupiga?"

"Hajanipiga. Ni mtu mzuri."

"Sasa?"

"Baba yake ananikimbia nikiwa mkwe. Leo ameanguka. Nisipompima leo wanampeleka Dar. Nikiwa mkwe siwezi kumpima."

"Apimwe na mwingine!"

"Mwingine alimpima Machi, mama."

Shangazi Subilaga aliweka mkono juu ya begi. "Binti, kabla mama yako hajajibu. Nasema mbele ya wote, mtu asije akasema hakuambiwa. Ukoo wetu haupeleki barua nyumba moja mara mbili. Ikirudi, imerudi. Si mwezi ujao, si Desemba."

"Shangazi, wewe unasema nini?" Aroni alikuwa amepauka.

"Nasema lililoko. Achague akijua."

"Huyo nani anaongea?" Tekla aliuliza simuni.

"Shangazi yao."

"Mwambie nimemsikia. Mdomo ni kama wangu."

Veneranda hakucheka. Alikuwa anamtazama Aroni. Alimtazama kwa muda aliotaka, bila kuona haya, mbele ya shangazi na mbele ya mama yake, kwa sababu huenda asingepata tena nafasi ya kumtazama hivyo. Ile mikunjo pembeni mwa macho. Ule udongo. Alitaka Aroni aseme usifanye, na wakati huohuo alijua kwamba akisema hivyo atampenda zaidi kidogo na kumheshimu pungufu kidogo.

Aroni aliweka simu yake mezani. "Baba anataka kubaki?" aliuliza.

"Anauliza makoti ya nini."

Aroni akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipovishusha, hakusema usifanye.

"Mama," Veneranda alisema.

Simuni Tekla akapenga kamasi.

"Huyo mzee anatembea?"

"Anatembea, mama. Kwa shida, ila anatembea."

"Anakwenda chooni mwenyewe?"

"Leo akipimwa, atakwenda."

"Basi asilale kama alivyolala baba yako." Kikasikika kitabu kinafunguliwa, kurasa zinapekuliwa. "Hii hapa. Nachukua bodaboda. Naenda kumngoja huyo Saulo, nitampa mkononi. Na wanajumuiya nitawaambia mwenyewe, usinifundishe la kusema."

Ikakatika.

Shangazi alitazama simu, halafu akamtazama Veneranda, kama mtu aliyenunua kitu sokoni akakikuta kizito kuliko alivyodhani.

"Barua iko njiani," alisema, "lakini yeye huko chumbani hajui. Kwake bado u mkamwana."

"Atajua."

Alivaa tena mkanda wake wa vifaa. Penseli sikioni, futi kiunoni. Akapita koridoni, akaingia bafuni, Silvester akasimama kumpisha, shangazi na Aroni wakaja nyuma yake mpaka mlangoni. Akasimama mbele ya lile pazia.

"Hodi," alisema.

Kitanda kililia. Gongo likagonga sakafu. Mzee alikuwa anainuka, anatafuta pa kupita.

"Hodi kwa Mzee Sedekia," alisema kwa sauti kubwa. "Mzee Sedekia Mwakalobo. Fundi yuko mlangoni."

Shangazi Subilaga alijiziba mdomo.

Gongo lilinyamaza.

"Umetaja jina langu," Mzee alisema.

"Nimelitaja."

"Mara mbili."

"Mara mbili, Mzee Sedekia. Sasa tatu. Barua yenu inarudi kwa Saulo jioni hii. Mimi si mkamwana wa nyumba hii. Nina vyuma vitatu, nina mwashi, na nina saa mbili."

Alingoja.

"Karibu, fundi," Mzee alisema.

Alisogeza pazia. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kakonda ndani ya sweta la kijani, bandeji juu ya jicho, jicho lenyewe jekundu. Walitazamana usoni. Hawakuwa wametazamana tangu Ijumaa.

"Ndaga, fundi, asante," alisema. "Umelipa sana."

"Tutaongea baadaye. Simama. Usinionyeshe ushujaa, simama kama unavyosimama ukiwa peke yako."

Walimleta taratibu mpaka kwenye choo, akakaa na nguo zake, Veneranda akapiga goti ubavuni pake. Mzee aliegemea kushoto, kama alivyojua ataegemea. Akaanza kujivuta. Mkono wa kulia uliondoka wenyewe, ukapapasa hewa, ukatua ukutani, vidole vimetawanyika kwenye marumaru. Ukabaki pale. Ukatosha.

"Usiutoe," Veneranda alisema.

Alichukua penseli akauzungushia ule mkono mstari, kidole kwa kidole, kama watoto wanavyofanya daftarini. Mkono ulikuwa wa moto na ulikuwa na mishipa mingi. Aliushika bila woga hadi alipomaliza.

"Aroni, ncha ya futi. Chini, kwenye sakafu. Kaza."

Aroni alipiga goti upande wa pili. Vidole vyenye udongo vikakandamiza ncha. Veneranda alivuta futi mpaka kwenye mstari.

"Sabini na nane," alisoma. Kitabu kilisema themanini na tano. "Silvester, andika."

Kipimo kiliisha. Alivuta futi. Ncha haikuja.

"Achia, Aroni."

"Bado kidogo."

Shangazi alikohoa mlangoni. Aroni akaachia, na futi likarudi kwenye kibweta chake kwa kishindo.

"Fundi," Mzee alisema, bado amesimama, bado ameshika ukuta, "kazi yako inaisha siku gani?"

"Ijumaa. Mteremko wa nyuma, na mlango wa seremala."

"Ijumaa." Alilifikiria. Akamtazama dada yake aliyesimama mlangoni na koti mkononi, halafu akamtazama mwanawe aliyekuwa bado amepiga goti. "Basi kuanzia Jumamosi nitaweza kumpisha mkamwana bila kuanguka."

Shangazi Subilaga alilitazama lile koti, akageuka, ikasikika zipu ya begi sebuleni inafunguliwa, makoti yanatolewa.

Veneranda hakujiruhusu kulifikiria lile neno. Si sasa. Aliweka kidole katikati ya mkono uliochorwa.

"Hapa, Silvester," alisema. "Toboa hadi upande wa pili."

Drili ikaunguruma, na vumbi jekundu la tofali likaanza kushuka juu ya marumaru mpya.